Kariokor, Burma na Deni la Jina: Nani Huitwa Askari Mstaafu?

Utingo wa matatu inayotoka katikati ya jiji la Nairobi na kushika Barabara ya Jogoo huvitaja vituo vyake kwa pumzi moja: Muthurwa, Burma, Makongeni, Jericho. Mwenzake anayeelekea Pumwani na Eastleigh huanza na Kariokor. Abiria hushuka, wengine hupanda, nauli hulipwa, na ni nadra mtu kujiuliza kwa nini soko la nyama lililo karibu na Shauri Moyo liliitwa kwa jina la nchi ya Asia, au kwa nini soko jingine, mashuhuri kwa vyondo na viatu vya akala, lilipewa jina ambalo halina asili katika lugha yoyote ya Kenya. Majina hayo mawili ni ya vita viwili. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ambao kambi yao mjini Nairobi ndiyo iliyoliacha jina pale. Dar es Salaam nayo ina Kariakoo yake kwa asili iyo hiyo. Burma ni kumbukumbu ya nchi ambako askari wa King's African Rifles, au Keya kama wazee walivyozoea kutamka, walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili.

Wanafunzi wa isimu huyafurahia majina ya namna hii wanapofundishwa ukopaji wa maneno. Ni mifano mizuri, na mwalimu mwenye haraka huitaja na kuendelea na mada nyingine. Hata hivyo, kwa maelfu ya watu waliotoka vitani na kuishi mashariki mwa Nairobi, jina la mtaa lilikuwa karibu fungu lote walilogawiwa. Hapo ndipo suala la mashirika yanayowasaidia wanajeshi wa zamani linapoihusu taaluma ya Kiswahili, ingawa kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa suala la wahasibu na makamanda. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro kubwa ya mashirika hayo, tangu yalipoasisiwa hadi leo, haijawa uhaba wa fedha pekee. Kasoro imekuwa katika neno. Msaada hufuata jina: aliyeitwa askari ana mlango wa kubisha, ilhali aliyeitwa mpagazi, mjane, au aliyefukuzwa kazi, hubaki nje ya lango hata kama aliteseka kwa vita vile vile.

Na tuanzie Kariokor. Sheria ya mwaka 1915 iliyotumiwa kuwakusanya wapagazi katika Kenya ya leo haikuwaita askari. Iliwaita wafuasi. Mfuasi hutembea nyuma ya mwenye shughuli. Yeye mwenyewe hana shughuli. Kwa hiyo hakupewa bunduki wala cheo, mgawo wake wa chakula na dawa haukulingana na wa askari, na mshahara wake ulipunguzwa hata kabla vita havijakolea. Makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wapagazi zaidi ya 95,000 wa upande wa Waingereza walifariki katika vita vya Afrika Mashariki. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache; waliobaki waliangamizwa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Wengi walizikwa kando ya njia, mahali walipoangukia.

Vita vilipokwisha kulibaki mishahara ya watu waliokufa au kupotea, ambayo haikuwa imelipwa. Maafisa wachache waliomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya jamii walikotoka wapagazi hao, na mabishano kati ya Nairobi na London yakaendelea hadi miaka ya 1930. Fedha hizo hazikuwafikia warithi. Hoja iliyorudiwa ilikuwa kwamba kumbukumbu ni mbovu na jamaa hawajulikani. Ajabu ni kwamba serikali iyo hiyo iliyoshindwa kuwajua jamaa za wafu iliweza, kuanzia karibu mwaka 1920, kumwandikisha mwanamume Mwafrika mtu mzima, kuchukua alama za vidole vyake na kumvisha shingoni kipande kilichoeleza alikofanya kazi na kwa ujira gani. Daftari la wafanyakazi walio hai lilitunzwa vizuri. La wafu lilipotea.

Katika Barabara ya Kenyatta, nje ya Eastlands, pamesimama sanamu ya watu watatu wa shaba, mmoja wao akiwa mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, huwafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi. Hakuna atakayekana kwamba ni sitiari yenye nguvu. Lakini msomaji wa fasihi aliyezoea kuipima sitiari kwa kile inachokificha ataona mara moja kwamba miguu na mikono haina majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri jambo hilo waziwazi: kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wakiwa Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao wa Ulaya, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu vita kumalizika kwa ukweli huu kuandikwa na wenyewe waliohusika.

Askari wa Burma alikuwa na bahati kidogo kuliko mpagazi, maana yeye aliitwa askari. Vikosi vya Keya vilipigana Ethiopia mwaka 1941, vikapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia katika misitu ya Burma. Baadhi hawakufika kokote. Meli ya Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, watu 1,297 wakafa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wakati huo wote jeshi lilizungumza nao kwa Kiswahili. Amri zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichunguza katika utafiti wao wa mwaka 2004 kwa jina la KiKAR. Lilikuwepo hata gazeti, Heshima, lililochapishwa kwa ajili ya askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia. Wakubwa wa jeshi walielewa vyema kwamba mtu hawezi kuombwa kufa kwa lugha asiyoielewa.

Aliporudi, lugha ilibadilika. Malipo ya kuagwa yalipangwa kwa kufuata rangi: nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika alilipwa hata thuluthi moja tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kile kile. Leseni za biashara zilikuwa ngumu kupata, ardhi ilikuwa ya wengine, na mtu aliyeendesha lori la jeshi katika nchi tatu akajikuta akipanga foleni kutafuta kitanda Pumwani. Wapo waliojaribu maduka na kampuni ndogo ndogo, nyingi zilikufa. Palipokosekana chama cha kuwatunza, walijiundia vyao. Kundi la Arubaini lililosumbua serikali ya mji mwishoni mwa miaka ya 1940 lilikuwa na askari wa zamani wengi. Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshi hadi Mashariki ya Kati na Uingereza, aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, aliingia msituni na kujulikana kama Jenerali China. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mwendo mfupi kutoka soko la Burma, mkutano wa hadhara ulitoa wito wa uhuru kamili. Si haki kudai kwamba yote haya yalitokana na pensheni iliyokosekana. Lakini si haki pia kuyaeleza kana kwamba pensheni haikuhusika.

Je, mashirika yenyewe yalikuwa wapi? Muungano wa kimataifa wa kuwasaidia wanajeshi wa zamani wa himaya ya Uingereza uliundwa Cape Town mwaka 1921, na leo hujulikana kama Royal Commonwealth Ex-Services League. Hauna ofisi kila mji. Hufanya kazi kwa kupitia vyama vya nchi wanachama, na kwa Kenya chama hicho kwa muda mrefu kilijulikana kwa kifupi kama KAFOCA, baadaye DEFOCA, yaani chama cha wandani wa zamani wa vikosi vya ulinzi. Utaratibu wake unaeleweka kwa urahisi. Askari wa zamani au mjane wake hujitokeza katika tawi. Tawi hukagua uthibitisho wa utumishi. Jina hupelekwa juu. Ruzuku hurudi kwa njia ile ile. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa muda wa miaka mitano ili wanajeshi wa zamani na wajane wapatao 7,000 katika nchi maskini za Jumuiya ya Madola waweze kula milo miwili kwa siku. Milo miwili. Msomaji asiidharau hesabu hiyo. Kwa mjane mwenye miaka 85 anayeishi katika chumba kimoja, mlo wa pili ni jambo kubwa kuliko hotuba nyingi za kumbukumbu, na waliohangaika kuhakikisha unafika wanastahili shukrani.

Kasoro ipo katika hatua ya pili ya utaratibu, ile ya uthibitisho. Anayeombwa karatasi ni mtu aliyehamishwa mara kadhaa, ambaye nyumba yake pengine iliwahi kuungua au kubomolewa, na ambaye cheti chake kiliandikwa jina lililosikika vibaya na karani wa mwaka 1942. Mpagazi hakupewa hata cheti cha kupoteza. Mjane wa ndoa ya kimila hana cha kuonyesha isipokuwa watoto na majirani. Isitoshe, fomu za serikali na za mashirika nchini Kenya huandikwa aghalabu kwa Kiingereza, lugha ambayo askari mwenyewe hakuitumia siku aliyopewa bunduki. Jeshi lilimwita kwa Kiswahili, likamwamrisha kwa Kiswahili, likamliwaza kwa gazeti la Kiswahili. Alipokuja kudai haki yake likamgeuzia lugha. Dharau hii haihitaji mtu mbaya ili itendeke. Hutendwa na karani mpole anayefuata fomu iliyo mbele yake.

Hali hii inaonekana hata katika jina analoitwa mhusika. Tanzania ina Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, jina ambalo mtoto wa darasa la tatu hulielewa. Upande wa Kenya herufi za DEFOCA hufupisha maneno ya Kiingereza, na jirani wa Jericho akiulizwa maana yake huenda akajibu kwamba ni klabu ya kulia nyama, kwa kuwa chama hicho kina vilabu katika miji kadhaa. Wala neno mstaafu lenyewe halijakaa sawa. Mstaafu kwa masikio ya wengi ni mtu aliyemaliza muda wake, akapewa mkono wa heri na pensheni. Je, kijana aliyepoteza mguu kabla ya kutimiza miaka ya kupata pensheni ni mstaafu? Mkongwe naye ni mzee, awe alipigana au alilima. Katika mitaa ya Eastlands watu wamelitatua tatizo hili kwa njia yao: mwanajeshi wa zamani huendelea kuitwa Afande hadi kaburini, hata na watoto wanaocheza mpira nje ya mlango wake. Wakati huo huo neno askari, lililokuwa la mpiganaji, na neno soja, lililotokana na neno la Kiingereza la mwanajeshi, yameteremka mpaka yakawa majina ya mlinzi wa lango. Wanafunzi wa semantiki huita jambo hili kushuka kwa maana. Mitaani si nadharia, kwa sababu aghalabu ni mtu yule yule: aliyekuwa askari wa jeshi ndiye aliyekuja kuwa soja wa lango, akikesha na rungu kwenye ghorofa la mtu mwingine kwa mshahara usiotosha kodi ya nyumba.

Liko shirika jingine ambalo mfano wake unafaa kutazamwa kwa makini, ingawa wapiganaji wake walikuwa upande wa pili wa bunduki. Mau Mau walipigwa marufuku na serikali ya kikoloni, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa miongo yote hiyo mpiganaji wa msituni hakuweza hata kusajili chama cha kuzikana kwa jina lake halisi. Chama cha wapiganaji hao kilipopata usajili, kilishirikiana na Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali, na mawakili wa London katika kuwatafuta walioteswa kambini. Wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na simulizi, makovu na wenzao walioshuhudia. Simulizi zikachukuliwa, zikalinganishwa, zikapimwa, na mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 na kugharimia mnara wa kumbukumbu, ambao ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 2015. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupiliwa mbali mwaka 2018, na muda mrefu uliopita ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba neno la mdomo likichukuliwa kwa utaratibu linaweza kusimama mbele ya serikali kubwa. La pili ni kwamba halisubiri.

Atakayesema kwamba haya ni ya wazee na yatakwisha nao hajaitazama Eastlands ya sasa. Kambi ya jeshi la anga iko Eastleigh, na nyingine ya jeshi la nchi kavu iko Embakasi. Familia za wanajeshi zimeishi katika mitaa inayozizunguka kwa vizazi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, jeshi zima la anga lilivunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine lililodumu hadi mwaka 1994. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo walioachiliwa bila mashtaka lakini wasirudishiwe kazi. Baadhi walikwenda mahakamani baada ya miaka mingi. Wapo walioshinda, na wapo walioambiwa kwamba wamechelewa. Hawa ni askari gani? Hawakustaafu, na wengi wao hawakupatikana na hatia. Chama cha wandani hakina neno la kuwaita, na jirani naye, kwa woga wa miaka ile, alijifunza kutouliza.

Kisha ikaja Somalia. Tangu wanajeshi wa Kenya walipovuka mpaka mwezi wa Oktoba mwaka 2011, na hasa baada ya mashambulizi ya El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, Kenya imekuwa na wajane na majeruhi vijana. Wapo pia waliorudi na viungo vyote lakini wakaacha usingizi huko. Mke huamka usiku na kumkuta mumewe amesimama kando ya dirisha, akihesabu pikipiki zinazopita. Daktari wa kambi ana jina la hali hiyo. Mama mkwe ana jina jingine. Mtaa husema tu kwamba Afande amebadilika. Kiwewe ni neno la Kiswahili sanifu lenye uwezo wa kulibeba jambo hili, lakini halijashuka kutoka kamusini hadi kwenye zahanati ya mtaa, na hadi litakaposhuka mgonjwa ataendelea kuitwa mlevi au mkali. Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, inayoweka kanuni za kushughulikia masuala ya waliotumikia jeshi na wategemezi wao. Ni hatua kubwa na ilichelewa. Mjane wa Makongeni hatanufaika nayo, hata hivyo, kama hajui kwamba yumo ndani yake.

Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Zizi la askari aliyevunjika guu, katika Eastlands, limekuwa ni majirani. Afande akifa leo Jericho au Maringo, kamati ya matanga itaketi jioni hiyo hiyo. Mweka hazina atachaguliwa, daftari la michango litafunguliwa, gari la kusafirisha maiti litatafutwa, na mjane atapewa mtu wa kulala naye. Hakuna atakayedai cheti cha utumishi. Barua ya kuomba msaada wa chama itafuata baadaye, ikiwa yupo mtoto anayejua pa kuipeleka. Linganisha mifumo hiyo miwili. Wa kwanza una watu wanaomjua marehemu lakini hauna fedha za kutosha, na huchoka baada ya siku 40. Wa pili una fedha na kumbukumbu lakini haumjui mtu. Kwa nusu karne na zaidi mifumo hii imepitana njiani bila kusalimiana, ilhali kamati ya matanga ndiyo tawi ambalo chama chochote cha wanajeshi wa zamani kingetamani kuwa nalo.

Pingamizi zipo na hazifai kupuuzwa. Walinzi wa fedha za misaada watasema kwamba lango likifunguliwa kwa simulizi, matapeli wataingia kwanza, maana tapeli husimulia vizuri kuliko mkweli. Ni kweli kwamba kila penye fidia hujitokeza wapiganaji wapya. Lakini simulizi ya tapeli hupimika. Mtu aliyekuwa Burma hujua alikula nini, alimwogopa sajini yupi, na wimbo gani uliimbwa garini. Mwenzake aliyekuwapo atamtambua au atamkana kabla ya dakika kumi kwisha. Wengine watasema kwamba chama cha wanajeshi ni cha wanajeshi, na kikianza kuwabeba wajane wa ndoa za kimila, waliofukuzwa na wajukuu wa wapagazi kitazama kwa uzito. Hoja hii ina nguvu kuhusu ruzuku ya chakula, ambayo haiwezi kugawiwa wote. Haina nguvu yoyote kuhusu jina. Kumwandika mtu daftarini hakumnyimi mwingine mlo wake.

Na katika kuandika ndipo idara na vyama vya Kiswahili vinapodaiwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Fomu ya kudai pensheni ya mjane kwa Kiswahili kinachoeleweka Shauri Moyo si fadhila ya mtu. Kuitafsiri si kazi ndogo, kwani itabidi istilahi nyingi ziamuliwe kwanza: mtegemezi, jeraha la utumishi, kiwewe, kuachishwa kwa heshima, na neno lenyewe la kumwita mhusika. Pengine lingefaa neno pana, mwanajeshi wa zamani, ambalo halimdai mtu umri wala pensheni, na ambalo humwacha aliyeondoka kwa kuumia akae pamoja na aliyeondoka kwa kupigiwa saluti. Tasnifu nyingi za uzamili huandikwa kila mwaka juu ya matumizi ya lugha katika matangazo ya biashara na nyimbo za vijana. Hakuna ubaya. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini Kiswahili cha fomu zinazoamua nani ale mara mbili kwa siku kimeachiwa makarani.

Kazi ya pili ina haraka zaidi. Tarehe 1 Novemba 2023, katika makaburi ya vita ya Kariokor, Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza aliweka shada la maua na kuwakabidhi wazee wachache wa Kenya waliopigana Vita Vikuu vya Pili medali za kuchukua nafasi ya zile walizopoteza. Kupotea kwa medali hizo ni simulizi yenye uzito kuliko shaba yenyewe, maana wapo waliozitupa au kuziharibu kwa makusudi wakati wa Mau Mau, pale ambapo medali ya Mwingereza ilikuwa hatari kifuani pa Mwafrika. Wazee hao walizungumza Kiswahili kile cha kambini. Kijana aliyeandikishwa akiwa na miaka 18 mwaka 1945, mwaka wa mwisho wa vita, alitimiza miaka 98 mwaka 2025. Wajane wao ni wadogo kidogo, na wengi wanaishi bado. Chombo cha kurekodia sauti kimo ndani ya simu ya kila mwanafunzi, na kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Kariokor watu huenda kwa miguu.